John Prine na gitaa lake: maswali ninayoulizwa mara kwa mara kuhusu rekodi zake

Kila ninapomsikilizisha mtu wimbo wa John Prine kwa mara ya kwanza, maswali huja kwa mpangilio uleule: huyu nani, mbona sauti yake iko hivi, na mbona sijawahi kumsikia. Nimeyakusanya hapa, pamoja na ya wale wanaojifunza gitaa na ya wale wanaotaka kujua waanzie rekodi gani. Nampenda mno mtunzi huyu na sifichi, lakini nitasema wazi ni albamu ipi ya kuitafuta leo na ipi inaweza kungoja.

John Prine alikuwa nani?

Alikuwa mtunzi na mwimbaji wa Marekani. Alizaliwa tarehe 10 Oktoba 1946 huko Maywood, kitongoji cha Chicago, akafariki Nashville tarehe 7 Aprili 2020. Wazazi wake walitoka kaunti ya Muhlenberg, magharibi ya Kentucky, wakahamia kaskazini kufuata kazi kama walivyofanya watu wengi wa Kusini. Baba yake alimpenda sana Hank Williams, mwimbaji wa kantri, kwa hiyo mtoto huyu alikulia mjini huku nyumbani kwao kukilia muziki wa mashambani. Kaka yake Dave alimfundisha gitaa alipokuwa na miaka 14. Kwa karibu miaka 50 aliimba kuhusu wazee, wajane, askari waliorudi wameharibika, na wanandoa wanaogombana jikoni, watu ambao kwa kawaida hakuna anayewatungia wimbo.

Ni kweli alikuwa tarishi wa barua?

Ni kweli kabisa. Alipeleka barua kwa miguu katika vitongoji vya Chicago, akaitwa jeshini mwaka 1966 vita vya Vietnam vikiwa vimepamba moto, akapangiwa Ujerumani Magharibi kwenye karakana ya magari, kisha akarudi kwenye mkoba wake wa barua. Alikuwa akieleza kwamba tarishi akishazijua nyumba zake, miguu hujiendea yenyewe na kichwa hubaki huru. Nyimbo kadhaa za albamu yake ya kwanza zilitungwa hivyo, mlango kwa mlango. Njiani kulikuwa na masanduku makubwa ya posta ambamo barua za mtaa unaofuata ziliwekwa zimngoje. Siku za upepo mkali wa Chicago alikuwa akijipenyeza ndani ya sanduku hilo, akala mkate wake humo, akatoka na kuendelea na safari.

Jioni moja alikwenda kwenye kilabu kidogo kiitwacho Fifth Peg, mahali ambapo mtu yeyote angeweza kupanda jukwaani. Akawa anawanung’unikia waliokuwa wakiimba, mpaka mtu akamwambia apande yeye basi. Akapanda. Aliimba “Sam Stone”, “Hello in There” na “Paradise”, na alipomaliza ukumbi ulikuwa kimya. Alidhani ameharibu. Kisha makofi yakaanza, na muda si mrefu akapewa kazi ya kuimba pale. Mwaka 1970 Roger Ebert, mhakiki wa filamu wa gazeti la Chicago Sun-Times, aliingia humo kupata kinywaji baada ya kutoka kutazama sinema, akamsikia, akaacha kuandika kuhusu sinema ile, akaandika kuhusu tarishi anayeimba. Huo ukawa uhakiki wa kwanza kuandikwa juu yake.

Alifikaje studio?

Kwa mkono wa rafiki. Steve Goodman, mtunzi mwenzake wa Chicago, alimshika Kris Kristofferson, ambaye tayari alikuwa nyota, akamvuta usiku wa manane kwenda kumsikiliza Prine katika kilabu kingine, viti vikiwa vimeshapandishwa juu ya meza. Kristofferson naye akaja kumpandisha jukwaani New York, mbele ya Jerry Wexler wa kampuni ya rekodi ya Atlantic, na siku iliyofuata mkataba ukawa mezani. Kila ninapolisimulia jambo hili humkumbuka Goodman zaidi. Naye alikuwa akitafuta nafasi yake mwenyewe wakati ule, akaitumia kumfungulia mwenzake.

Americana ni nini? Si kantri tu hiyo?

Ni jina la kukusanya mambo yaliyokuwa ndugu tangu zamani: kantri, folki, bluzi, nyimbo za kanisani za Kusini, na roki ya kijijini. Jina lenyewe lilishika katika miaka ya 1990, kwa sababu vituo vya redio za kantri vilikuwa vimeelekea kwenye muziki uliong’arishwa sana, na watunzi wenye gitaa kavu wakabaki bila nyumba. Chama cha muziki huo kiliundwa Nashville mwaka 1999. Prine alikuwa ameshaimba hivyo kwa miaka karibu 30 kabla jina halijapatikana, kwa hiyo usihangaike sana na lebo. Ukisikia gitaa lisilo la umeme, hadithi ya mtu mmoja na kiitikio ambacho hata asiyejua kuimba anaweza kukiimba, umefika.

Nianzie albamu gani?

Anza na ya kwanza, iitwayo “John Prine”, ya mwaka 1971. Siwezi kukushauri vingine. Ina nyimbo 13, na kati ya hizo zaidi ya nusu ni nyimbo ambazo mtunzi mwingine angeshukuru kupata moja tu katika maisha yake yote. Aliirekodi akiwa na miaka 24. Sehemu kubwa ilifanyika Memphis, studio ya American Sound, na wapigaji wazoefu waliokuwa wameshapiga nyuma ya waimbaji wakubwa. Sikiliza vizuri utaona kijana bado anaogopa: sauti imebana, puani kidogo, na ala za wenzake wakati mwingine zinaonekana kubwa kuliko yeye. Hata picha ya jalada ilimweka juu ya robota la majani makavu, mtoto wa mjini ambaye kwa maneno yake mwenyewe hajawahi kukalia kitu kama hicho. Lakini maneno ya nyimbo hayaogopi hata kidogo.

Ya pili kwa mpangilio wangu ni “Diamonds in the Rough” ya 1972. Wengi huiruka, na mimi naona wanakosea. Humo mna gitaa kavu, Dave kaka yake na fidla na banjo, na Goodman pembeni. Kama unataka kusikia Prine alivyokuwa akisikika sebuleni kwa watu, ni hii.

Kisha ruka mpaka “The Missing Years” ya 1991, iliyompa tuzo yake ya kwanza ya Grammy, na “In Spite of Ourselves” ya 1999, ambayo karibu nyimbo zake zote ni za kantri za watu wengine, akizipokezana na wanawake waimbaji. Wimbo mmoja tu ndio wake, ule uliobeba jina la albamu, anaouimba na Iris DeMent. Ni mume na mke wanasutana, kila mmoja akitaja kasoro za mwenzake bila kumung’unya maneno, na ukimaliza kusikiliza una hakika kwamba hawa hawaachani.

Malizia na “The Tree of Forgiveness” ya 2018. Mkewe Fiona na mwanawe Jody walimwona anazembea kuandika, wakamfungia hotelini Nashville kwa wiki moja na maboksi ya karatasi za maneno aliyokuwa hajamaliza. Akatoka na albamu. Iliingia namba 5 kwenye chati ya Billboard, mahali ambapo hakuwahi kufika alipokuwa kijana.

Na ipi niiache kwanza?

“Pink Cadillac” ya 1979. Ni rokabili, mchanganyiko wa roki na kantri, yenye kelele za umeme, imerekodiwa Memphis, na wapo wanaoipenda kwa dhati. Lakini kama umekuja kutafuta gitaa kavu na maneno yanayosikika, itakupoteza njia.

Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Nitafaidi nini?

Utafaidi sana, kwa sababu chake pia si kigumu. Prine hakupenda neno refu pale ambapo fupi linatosha. Anaimba polepole, anatamka, na anataja vitu: redio, mlango wa nyuma, kahawa, nzi jikoni.

Siku moja nilikuwa nyumbani kwa mama mkubwa, yeye anachambua mchele kwenye ungo, mimi nasikiliza “Hello in There” kwenye simu. Akaniuliza huyu analalamika nini. Nikamweleza: ni mzee na mkewe, watoto wamekua wameondoka, mmoja alikufa vitani, siku hizi hawaongei sana, mke anakaa kutazama nje kupitia mlango wa nyuma.

“Alikufa vita gani?”

“Ya Korea, mama.”

Akatoa chuya mbili tatu, akazitupa. “Na hao wengine wanakuja?”

Nikamwambia mmoja anaishi mji wa mbali na mkewe, mwingine yuko barabarani tu, haijulikani wapi.

“Basi hana mtoto,” akasema, akaendelea kuchambua. Baadaye kidogo akaniambia nirudishe wimbo mwanzo.

Mama mkubwa hajui Kiingereza hata cha kuombea maji. Prine aliutunga wimbo huo akiwa bado kijana wa posta, lakini mbegu yake ni ya utotoni: alikuwa akimsaidia rafiki yake kusambaza magazeti, na njia yao ilipita kwenye nyumba ya wazee, wakiingia chumba kwa chumba. Alisimulia kwamba baadhi ya wazee walijifanya yeye ni mjukuu au mpwa aliyekuja kuwatembelea, badala ya mtoto aliyeleta gazeti.

“Paradise” ni mahali pa kweli?

Ndiyo, palikuwapo. Kilikuwa kijiji kando ya Mto Green, kaunti ya Muhlenberg, kwao na wazazi wake, na Prine alipelekwa huko utotoni wakati wa likizo. Makaa ya mawe yalichimbwa kwa kuparua ardhi ya juu kwa mashine kubwa mno, kituo kikubwa cha umeme kikajengwa pembeni, na mwishoni mwa miaka ya 1960 nyumba zilizobaki zikanunuliwa na kubomolewa. Wimbo ni mtoto anayemwomba baba yake ampeleke huko, na baba anajibu kwamba wamechelewa, pameshabebwa. Prine aliitaja kampuni ya makaa, Peabody, kwa jina lake. Kampuni ilichapisha hata kijitabu cha kumjibu.

Aliutunga kwa ajili ya baba yake. Alipompelekea rekodi kabla albamu haijatoka, mzee alikwenda kusikiliza kutoka chumba cha pili, gizani, ili ajione kana kwamba wimbo unatoka kwenye mashine ya santuri ya baa. Alifariki mwaka huohuo wa 1971, albamu ikiwa bado haijaingia madukani. Jambo hili hunijia kila nikisikia fidla ya kiitikio.

“Sam Stone” ni wimbo wa kupinga vita?

Ni wimbo wa mtu mmoja. Askari anarudi kutoka ng’ambo na medali, jeraha, na uraibu wa dawa alizopewa kutuliza maumivu, na fedha ya nyumba inaishia kwenye mkono wake. Anayeimba kiitikio ni mtoto wake. Hakuna hotuba wala jina la rais. Kwa watoto wadogo ningesubiri, kwa sababu mwisho wake ni kifo na hausemwi kwa kuzungukazunguka. Johnny Cash, mwimbaji wa kantri, alipouimba alibadilisha mstari mmoja wa kiitikio unaomtaja Yesu, maana ulimkwaza. Prine alikubali. Mimi naona mstari wa asili ndio unaobeba uchungu wote, lakini namwelewa Cash.

Mbona sauti yake ni tofauti kabisa kwenye rekodi za baadaye?

Mwaka 1998 alifanyiwa upasuaji wa saratani shingoni, kisha mionzi. Sehemu ya shingo iliondolewa, kichwa kikainama upande, na sauti ikashuka kwa kiasi kikubwa, ikapata changarawe. Daktari alipopendekeza kuzilinda nyuzi za sauti wakati wa mionzi, Prine alimjibu kwamba daktari hajui anachokitetea, kwa kuwa hajawahi kumsikia akiimba. Mwaka 2013 akaugua tena, mara hii akafanyiwa upasuaji wa kuondoa saratani kwenye pafu la kushoto. Akafanya mazoezi, akarudi jukwaani.

Kwa maoni yangu sauti ya pili ni bora. Ile ya 1971 ni ya kijana anayeigiza uzee kwa huruma. Ile ya baada ya 1998 ni ya mtu aliyefika kwenye uzee wenyewe.

Kwa nini nyimbo zilezile zina rekodi mbili au tatu?

Kwa sababu ya umiliki. Msanii anaporekodi chini ya lebo kubwa, yaani kampuni ya rekodi, rekodi yenyewe huwa mali ya lebo, hata kama wimbo ni wake. Njia mojawapo ya kujikomboa ni kuingia studio upya na kuuimba tena. Prine alifanya hivyo kwenye “Souvenirs” ya mwaka 2000. Sauti ikiwa imeshuka ilibidi ashushe pia nyimbo, na alisema hilo lilimfanya azisikie kama mpya. Weka “Hello in There” ya 1971 na ya 2000 moja baada ya nyingine, usiku, kwa utulivu. Kama una muda wa kufanya jambo moja tu kati ya yote niliyoandika hapa, fanya hilo.

Mbona hakuwa na wimbo uliovuma kama wengine?

Ulivuma ukiwa midomoni mwa wengine. “Angel from Montgomery”, ambao msimulizi wake ni mwanamke aliyechoka na ndoa na jiko lake, watu wengi huujua kwa sauti ya Bonnie Raitt, aliyeurekodi mwaka 1974. David Allan Coe alipata mafanikio makubwa mwaka 1975 kwa wimbo ambao Prine aliutunga pamoja na Goodman, na Prine alitaka jina lake lisiandikwe. Hapa waandishi wachanga wa nyimbo watanisikiliza: Prine aliishi kwa kuimba ukumbi baada ya ukumbi, mwaka hadi mwaka, na kwa haki za utunzi, bila redio kumbeba.

Oh Boy ni lebo gani?

Ni yake mwenyewe. Aliianzisha na meneja wake Al Bunetta na Dan Einstein mwaka 1981, baada ya kuchoka na makampuni makubwa. Mashabiki walituma hundi kwa posta kulipia albamu ambayo ilikuwa bado kutengenezwa, na “Aimless Love” ikatoka mwaka 1984. Siku hizi kuchangisha kwa mashabiki ni jambo la kawaida kwenye simu. Wakati ule ilikuwa bahasha, stempu na imani. Lebo hiyo ipo hadi leo na bado iko mikononi mwa familia.

Najifunza gitaa. Anapigaje?

Kwa vidole. Kidole gumba kinatembea kwenye nyuzi nene, kikibadilishana nyuzi mbili bila kuchoka, na vidole vingine vinachukua sauti ya juu katikati ya hatua za gumba. Kodi zake za gitaa ni zile za mwanzo kabisa, C, F na G, au G, C na D, na kapo, kibanio cha shingo ya gitaa, akiipandisha kufuata sauti. Anza na gumba peke yake kwa wiki nzima. Usiongeze kidole kingine mpaka gumba liweze kutembea huku ukizungumza na mtu.

Mtindo huu una kwao, na ajabu ni kwamba kwao ni kaunti ileile ya Muhlenberg. Merle Travis, ambaye Wamarekani wameuita mtindo wenyewe kwa jina lake, alizaliwa huko, na Ike Everly, baba wa ndugu wawili waimbaji wa Everly, alitokea huko.

Msomaji wa Afrika Mashariki na Kongo ana msaada wa karibu zaidi. Msikilize Jean Bosco Mwenda wa Katanga kwenye “Masanga”, iliyorekodiwa mwaka 1952, au George Mukabi na omutibo yake, mtindo wa gitaa wa magharibi ya Kenya, chupa ya Fanta ikigongwa pembeni. Mkono wao ni mwingine na mapigo ni mengine, lakini gumba linafanya kazi ileile ya kubeba besi wakati kidole cha shahada kinazungumza. Nilimwelewa Prine haraka zaidi baada ya kukaa na Mukabi.

Huu si muziki wa mbali na sisi?

Muulize Mkenya yeyote aliyelelewa na redio ya Jumapili kuhusu Jim Reeves na Kenny Rogers. Kantri ina wapenzi wengi mno Kenya, na Sir Elvis amejijengea jina kwa kuiimba huko. Na mambo hayo yalianza zamani. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alirekodi wasichana wa Kikipsigis wakiimba kuhusu Chemirocha, kiumbe nusu mtu nusu paa. Jina hilo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Mississippi aliyefariki mwaka 1933, ambaye sauti yake ilifika kwenye santuri, ikakaa vijijini, ikapewa miguu ya paa. Prine alikunywa kisima hichohicho.

Rekodi yake ya mwisho ni ipi?

“I Remember Everything”, wimbo mtulivu wa gitaa, uliotolewa Juni 2020, miezi miwili baada ya UVIKO-19 kumchukua. Ulipata tuzo mbili za Grammy mwaka 2021. Ndani ya “Paradise”, miaka 49 kabla, aliomba majivu yake yamwagwe Mto Green. Familia ilitimiza.

Naweza kuuimba wimbo wake kwa Kiswahili?

Nyumbani, imba utakavyo. Kuurekodi na kuutoa kwa tafsiri kunahitaji ruhusa ya wenye haki, hata kama huuzi.

Nimejaribu “Hello in There” kwa matumizi yangu mwenyewe. Beti zilikuja kwa shida ya kawaida, mizani na vina. Kiitikio ndicho kilichonishangaza, kwa sababu neno lilikuwa linaningoja: hodi. Hodi humo ndani. Lakini kwa Kiingereza mtu anatoa salamu, basi, imekwisha. Kwetu hodi ina jibu lake, na mwimbaji akinyamaza baada ya kulisema, wasikilizaji wote wanabaki wakisubiri karibu. Nimeacha mapigo manne ya gitaa tupu hapo, gumba peke yake.